Seli za Ini Zikilemewa na Protini Zisizokunjika: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Anayepanga jaribio la kulemea seli za ini kwa protini zisizokunjika sawasawa huwa na swali moja moyoni: je, seli ilimudu au ilishindwa? Matokeo mengi hayajibu swali hilo. Yanaonyesha tu kwamba king'ora, yaani mwitikio wa seli kwa protini hizo, kililia saa fulani. King'ora kulia si ugonjwa. Kwenye ini la panya aliyeshinda na njaa kisha akalishwa, hulia kwa muda na kunyamaza, na mnyama ni mzima. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata king'ora mpaka kinaponyamaza, na unauliza kimenyamaza kwa nini. Umeandikwa kwa wanaokuza HepG2 au Huh7 (seli za saratani ya ini la binadamu), au seli zilizotolewa kwenye ini la panya katika maabara za Mombasa, ambako joto, unyevu, maji ya chumvi na stima inayokatika huingia kwenye matokeo bila kubisha hodi.

Kwanza tukumbushane kinachotokea ndani. Ini la mtu mzima hutoa gramu 10 hadi 15 za albumini kwa siku, mbali na transferini, protini za kugandisha damu na nyinginezo. Zote hupitia retikulamu endoplazima, karakana ya utando ambamo mnyororo mpya hukunjwa, huvishwa sukari na kufungwa kwa vifungo vya salfa. Tazama mtu anayekunja sambusa jioni ya Ramadhani. Manda ikifungwa vizuri na pembe kubandikwa kwa uji wa unga, nyama hukaa ndani. Ikiachwa wazi, humwaga nyama kwenye karai na kuharibu mafuta ya zile nyingine. Zisizofungika zikianza kurundikana, mpishi husimamisha manda mpya, huita mikono zaidi, na hutoa zilizoharibika.

Seli hufanya vivyo hivyo kwa vihisi vitatu. PERK hubandika fosfeti kwenye eIF2α, protini inayosaidia kuanzisha utengenezaji wa protini nyingine, mahali pa serini ya 51, na utengenezaji wa protini hupungua. IRE1 hukata herufi 26 kutoka RNA ya XBP1, na kipande kifupi kinachobaki huzaa protini inayowasha jeni za ukunjaji na za uondoaji taka. ATF6 husafiri hadi Golji, hukatwa huko, na kipande chake cha kilodaltoni 50 huingia kwenye kiini na kuongeza BiP, msaidizi mkuu wa ukunjaji. Zilizoharibika hutolewa nje ya retikulamu na kuvunjwa na proteasomu. Mzigo huo ndio mkazo. Ukizidi kwa muda mrefu, CHOP, protini inayosukuma seli kwenye kifo, hupanda na seli huanza kuelekea kufa.

Dalili: visima vya sahani visivyotiwa dawa ya kulemea seli tayari vinaonyesha mkazo

Hili ndilo tatizo linaloharibu majaribio mengi kuliko yote, kwa hiyo tulichimbe.

Anza na inkyubeta. Inkyubeta ya kawaida ina hita lakini haina kipoza. Ili ikae kwenye nyuzi 37, chumba kinatakiwa kiwe baridi kuliko hapo kwa nyuzi 5 au zaidi. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana Mombasa hufikia nyuzi 32 au 33, na chumba chenye friza mbili na kiyoyozi kilichozimwa Ijumaa jioni hupita hapo kwa urahisi. Ndani ya inkyubeta joto hupanda hadi 38 au 39 na kipimo cha mlangoni, ambacho husoma sehemu moja tu, kinaweza kukuficha. Weka kipimajoto chenye kumbukumbu ya kiwango cha juu ndani ya chupa ya maji kwenye rafu ya kati, ukisome Jumatatu kabla ya kugusa seli. Kuna alama inayotenganisha sababu hii na nyingine: joto kali huamsha kwanza wasaidizi wa ukunjaji walio nje ya retikulamu. HSP70, mmoja wao, ikipanda huku XBP1 ikikaa bila kukatwa, shida ni joto.

Pili, sukari. BiP ilipogunduliwa mara ya kwanza ilipewa jina la protini inayotawaliwa na glukosi, kwa sababu ilipanda kwenye seli zilizonyimwa sukari. Bila glukosi seli hukosa malighafi ya minyororo ya sukari inayovishwa protini mpya, na protini hizo hukunjika vibaya. HepG2 zilizojaa sahani hula glukosi kwa kasi. Midia (maji ya lishe ya seli) yenye gramu 1 ya glukosi kwa lita, sawa na milimoli 5.5, inaweza kuisha usiku mmoja, ilhali yenye gramu 4.5, sawa na milimoli 25, hukupa nafasi. Glukometa ya duka la dawa inatosha kwa makadirio: pima tone la midia mpya, kisha tone la midia iliyolala na seli. Usiiamini namba yenyewe kupita kiasi, maana kifaa kimetengenezewa damu. Linganisha tu ya jana na ya leo. Ikishuka chini ya robo ya mwanzo, seli zako zilikuwa na njaa kabla hujaziongeza dawa.

Marekebisho ni mepesi. Panda seli 500,000 kwa kila kisima cha sahani ya visima sita, katika mililita 2, na anza jaribio baada ya saa 48, zikiwa zimefunika asilimia 60 hadi 70. Badilisha midia saa 2 hadi 3 kabla ya dawa, katika visima vyote, hata vya kulinganishia. HepG2 hupenda kurundikana kama visiwa, na seli za katikati ya kisiwa hufa njaa hata midia ikiwa tele. Zivunje vizuri kwa pipeti wakati wa kupanda.

Tatu, rangi ya midia. Stima ikikatika na vali ya gesi ikajifunga, kaboni dioksidi hupungua na midia hugeuka waridi kali, karibu zambarau. Sahani ya namna hiyo usiifanyie jaribio siku hiyo hata rangi ikirudi. Midia ya manjano ina tatizo la upande wa pili: asidi, seli nyingi mno, au bakteria.

Nne, maji. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na mengine ya bomba ni magumu, hivyo vichujio vya mashine ya kusafisha maji huchoka mapema kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Usiandae bafa kwa maji ambayo mashine inaonyesha ukinzani chini ya megaomu 18. Na mikoplazima, bakteria wadogo wanaojificha kwenye seli, ipimwe kwa PCR (njia ya kuzidisha DNA) kila mwezi, hakuna mjadala.

Kwa seli zilizotolewa kwenye ini kwa kolajenesi, kimeng'enya kinachoachanisha seli, kule kutolewa kwenyewe ni mkazo. Ziache zilale usiku kucha kwenye sahani yenye kolajeni kabla ya kuzipima.

Dalili: dawa imetiwa, hakuna kilichobadilika

Uliza kwanza umepima saa ngapi. Dawa zinazotumika sana ni mbili. Tapsigajini huzuia pampu ya kalsiamu ya retikulamu, na fosfeti kwenye eIF2α huonekana ndani ya nusu saa. Tunikamaisini huzuia kuvishwa sukari, kwa hiyo huathiri protini mpya tu. Saa ya kwanza huwa kimya, na XBP1 fupi huonekana vizuri kuanzia saa ya 2 hadi ya 4. CHOP husubiri saa 4 hadi 8. BiP kama protini huonekana imepanda saa ya 8 na kuendelea, vizuri zaidi saa ya 16 au 24. Aliyepima BiP saa ya pili akaandika kwamba dawa haifanyi kazi, alipima mapema mno.

Kama saa ni sahihi, angalia chupa. Tunikamaisini na tapsigajini huyeyushwa katika DMSO, na DMSO hunyonya unyevu wa hewa. Hapa ndipo mji unapoingia. Kichupa kikitoka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri na kufunguliwa papo hapo, utaona jasho likitiririka nje ya plastiki na ukungu mwembamba ndani ya kifuniko. Maji hayo yanaingia kwenye dawa, na baada ya kufunguliwa mara kadhaa huna tena kipimo ulichoandika kwenye lebo. Gawa dawa katika vichupa vya mikrolita 10 siku ileile inapofika. Kila kimoja kitumike mara moja. Kikitoka friza kiache kimefungwa kwa dakika 20, ukikaushe kwa nje, ukizungushe kwenye sentrifuji kwa sekunde chache, ndipo ufungue. DMSO huganda kwenye nyuzi 18.5, kwa hiyo ukiikuta ngumu kwenye jokofu haijaharibika, iache tu iyeyuke.

Kosa jingine ni la pipeti. Stoki ya tunikamaisini ya miligramu 5 kwa mililita, unataka mikrogramu 2 kwa mililita katika kisima chenye mililita 2: hesabu inakupa mikrolita 0.8. Hakuna anayepima hizo kwa uhakika mara sita mfululizo. Changanya mikrolita 4 za stoki katika mililita 10 za midia yenye joto, kisha badilisha midia yote ya kisima kwa mchanganyiko huo. DMSO itakuwa asilimia 0.04, na visima vya kulinganishia vipate DMSO hiyohiyo, mikrolita 4 kwa mililita 10. Kwa tapsigajini ya milimoli 1, mikrolita 3 katika mililita 10 hukupa nanomoli 300 kwa lita.

Kuhakikisha tunikamaisini inafanya kazi bila kutegemea king'ora, tazama protini inayobeba sukari. Antitripsini ya alfa-1 iliyovishwa sukari hukaa karibu na kilodaltoni 52 kwenye jeli. Isiyovishwa hushuka hadi karibu 45. Mkanda wa chini usipotokea, dawa imekufa.

DTT, dawa ya tatu, ni hadithi fupi. Huvunja vifungo vya salfa, milimoli 2 hutosha, lakini huungana na oksijeni na kupoteza nguvu. Kwenye pH 7.5 na nyuzi 20 nusu yake huisha kwa saa kama 10, na katika midia ya nyuzi 37 kwa haraka zaidi. Ya jana ni maji.

Dalili: PCR ya XBP1 inatoa mikanda mitatu

Ulitarajia miwili: ndefu (isiyokatwa) na fupi (iliyokatwa), tofauti herufi 26. Juu yake kuna wa tatu, kama kivuli. Wengi huuandika kama uchafu au huuhesabu pamoja na mrefu. Ni mseto: uzi mmoja wa XBP1 ndefu umeshikana na uzi mmoja wa fupi, na zile herufi 26 zisizo na mwenzi zimejikunja nje kama nundu inayokwama kwenye jeli. Huonekana zaidi pale ndefu na fupi zinapokaribiana kwa wingi, na pale PCR inapopitishwa hadi vianzishi, vipande vifupi vya DNA vinavyoianzisha, vikapungua.

Punguza mizunguko hadi 28. Ukiendelea kuuona, chukua mikrolita 2 za zao la PCR, utie katika mikrolita 18 za mchanganyiko mpya wenye vianzishi, uendeshe mizunguko 3 tu, mseto hutoweka. Vinginevyo gawa uzito wa mkanda huo nusu kwa nusu kati ya ndefu na fupi. Chagua vianzishi vyenye zao lisilozidi herufi 300, tumia agarosi ya asilimia 3, volti 80, saa moja na nusu hadi mbili, na bafa iliyotoka kwenye jokofu, maana kwenye chumba cha nyuzi 30 jeli hupata moto na mikanda hutabasamu kuelekea pembeni. Kama bado una shaka, kata zao kwa PstI: ndefu hukatika kwa sababu alama ya kimeng'enya hicho iko ndani ya zile herufi 26, fupi hubaki nzima.

Angalia pia kwamba vianzishi ni vya binadamu kwa HepG2 na vya panya kwa seli za panya. Hukosewa kuliko watu wanavyokubali.

Dalili: fosfeti kwenye eIF2α imepanda, mengine yametulia

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Serini ya 51 hubandikwa fosfeti na vimeng'enya vinne: PERK kwa mkazo wa retikulamu, GCN2 kwa upungufu wa asidi amino, PKR kwa RNA ya virusi, na HRI kwa upungufu wa himu (kiini chenye chuma cha hemoglobini) au shida ya mitokondria. ATF4 (protini inayowasha jeni za mkazo) na hata CHOP zinaweza kufuata kutoka mlango wowote kati ya hiyo minne. Kwa hiyo eIF2α, ATF4 na CHOP peke yake haziruhusu mtu kuandika kwamba protini hazikukunjika. Onyesha pia XBP1 fupi, au ATF6 iliyokatwa, au BiP. Zikikosekana zote, kagua glutamini ya midia kwanza. Huoza yenyewe midia ikikaa wiki kadhaa.

Tatizo la kinyume, fosfeti kutoweka mahali ilipotarajiwa, mara nyingi ni la mkono na barafu. Vimeng'enya vinavyong'oa fosfeti hufanya kazi dakika zote ambazo sahani iko nje. Toa sahani moja tu kwa wakati, osha mara moja kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) baridi, mwaga mikrolita 120 za bafa ya kupasulia yenye floridi ya sodiamu milimoli 50 na beta-gliserofosfeti milimoli 10. Vanadeti peke yake haikusaidii hapa, kwa sababu hulinda tirosini na wewe unatafuta serini. Zungusha kwa 14,000 g, dakika 10, nyuzi 4.

Kama sampuli itasafiri, tuseme inavuka kwa feri ya Likoni mchana wa foleni, usiipeleke ikiwa mbichi kwenye barafu inayoyeyuka. Changanya na bafa ya SDS (sabuni kali), chemsha kwa nyuzi 95 dakika 5. Vimeng'enya vyote vimekufa, na kichupa kitastahimili safari. Upande wa utando unaopokea protini kutoka kwenye jeli, zuia nafasi tupu kwa albumini ya ng'ombe asilimia 5, si maziwa. Kaseini ya maziwa imejaa fosfeti. Na lazima uonyeshe jumla ya eIF2α, kilodaltoni 38, kutoka sampuli hiyohiyo.

Dalili: XBP1 fupi imerudi chini, je, seli imepona?

Si lazima. IRE1 ikiwashwa kwa muda mrefu hujizima yenyewe hata mkazo ukiendelea, huku PERK ikizidi kufanya kazi na CHOP ikipanda. Anayetazama XBP1 peke yake ataona kushuka na kusema seli imepata nafuu, kumbe king'ora kimechoka na nyumba bado inaungua.

CHOP nayo ina mtego wake. RNA na protini yake huoza ndani ya saa chache, ilhali BiP hudumu zaidi ya siku mbili. Seli inayoishi na mkazo mdogo wa kudumu huweza kuonyesha BiP juu na CHOP chini, na hiyo ni seli iliyozoea mzigo, haijautua. Hii ni hali ya tatu, kati ya kupona na kufa, na kwa ini ndiyo pengine ya maana kuliko zote, kwa kuwa ini linaloishi na mafuta au virusi kwa miaka huishi hivyo.

Kupima kupona kunaanzia kwenye kuchagua dawa. Tapsigajini hushika pampu na haiachi, kuosha hakuiondoi. Tunikamaisini huosheka vibaya. Kwa kazi hii tumia DTT: milimoli 2 kwa saa 1, osha mara mbili kwa PBS ya nyuzi 37 (baridi itakuletea mkazo mwingine), rudisha midia mpya, kisha kusanya sampuli saa ya 0, 1, 2, 4, 8 na 24 baada ya kuosha. Kila saa iwe na kisima chake cha kulinganishia kilichooshwa vilevile.

Kisha usitazame alama pekee, tazama kazi. Tia puromaisini, ambayo hujibandika kwenye minyororo mipya, mikrogramu 10 kwa mililita kwa dakika 10 kabla ya kupasua, na kingamwili ya puromaisini itakuonyesha kiasi cha protini kinachotengenezwa wakati huo. Utengenezaji unaporudi ni kwa sababu protini ya GADD34 imeleta kimeng'enya cha kung'oa fosfeti kwenye eIF2α. Hapo pana hatari: ukirudi kabla retikulamu haijasafishwa, mnyororo mpya huongezwa juu ya rundo la zamani na seli huharibika zaidi. Ndiyo sababu utengenezaji uliorudi lazima upimwe pamoja na albumini iliyotoka nje, kwenye midia, kwa ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili), kila saa 4. Protini ikitengenezwa tele ndani na albumini isitoke, karakana bado imeziba.

Jaribio la mwisho ni la kurudia mzigo. Saa 24 baada ya kuosha, tia DTT tena, milimoli 1 kwa dakika 30. Seli iliyopona hukata XBP1 upya kwa nguvu, na hutulia haraka. Iliyochoka haikati.

Dalili: chembe nyeupe kwenye visima vya palmiteti

Mafuta yameganda. Asidi ya palmitiki, ambayo hapa huitwa palmiteti na hutumika kulemea seli kwa mafuta, huyeyuka kwa nyuzi 63, na chumba cha kiyoyozi hukigandisha kilichokuwa safi dakika tano zilizopita. Changanya na albumini isiyo na mafuta kwenye nyuzi 37, weka midia yote ikiwa vuguvugu, na tumia kati ya mikromoli 200 na 400. Visima vya kulinganishia vipewe albumini hiyohiyo bila mafuta.

Dalili: protini imerundikana waziwazi, king'ora kimya

Usiitupe sampuli hiyo. Umbo la Z la antitripsini ya alfa-1, lenye mabadiliko ya asidi amino ya 342, hushikana minyororo ndani ya retikulamu ya seli za ini bila kuwasha vihisi vitatu kwa kiwango ambacho rundo lake lingekufanya utarajie. Minyororo hiyo imekunjika karibu vya kutosha kukaa bila kuishika BiP kwa wingi. Kama unaishuku hali ya namna hii, pasua seli kwa sabuni ya Triton asilimia 1, zungusha, na usimwage mashapo kama kawaida. Yayeyushe kwa bafa ya SDS, yachemshe, uyapitishe kwenye jeli kando ya maji ya juu. Kinachokosekana juu utakikuta chini.